Namna ya Kuingia Msitu wa Udzungwa Bila Kuwafukuza Wenyewe

Liache gari. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina kilomita za mraba 1,990, lakini hakuna barabara ya kuzungukia wanyama huku umeketi na soda mkononi. Basi la Ifakara litakushusha Mang'ula, na treni ya TAZARA nayo ina kituo hapo. Toka hapo injini ni mapaja yako. Yaamshe mapema, wiki chache kabla ya safari, maana njia ya kwenda maporomoko ya Sanje inapanda kweli.

Suruali iwe ndefu, na miguu yake uichomeke ndani ya soksi. Hutapendeza pichani, lakini siafu hawana habari na mitindo, na wakishapata upenyo hupanda juu tu. Marashi yabaki Mang'ula. Nguo nyekundu inayowaka nayo ibaki. Koti la mvua lije hata kama jua limechomoza, na viatu viwe na meno ya kushika tope.

Sasa lililo gumu: funga mdomo. Aliyezoea mbugani, ambako twiga huonekana toka mbali, akiingia hapa hulalamika baada ya nusu saa kwamba hakuna wanyama. Wapo. Wako juu ya kichwa chake, wanamsikiliza akilalamika. Msitu huu hujulikana kwa masikio kwanza, macho baadaye. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia mlio wa nyani wasiyemjua katika misitu ya Udzungwa. Mwenyeji aliyekuwa nao hakuhitaji darubini. Alimtaja palepale kwa jina la kwao, ng'olaga. Sayansi ikamwandika kitabuni, sasa anaitwa nyani wa Sanje, na hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Watu wa vijijini walikuwa wakimsikia miaka yote hiyo.

Kwa hiyo mwongozaji wako akisimama ghafla na kuinua mkono, nawe simama. Usimuulize "nini?" kwa sauti ya sokoni. Tawi likitikisika na jani likadondoka, tazama juu: huenda ni mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye utosi mwekundu kama aliyepakwa hina. Mchakacho ukitoka chini, kwenye majani makavu, inamisha macho polepole. Huenda ni sange, mnyama mdogo wa pua ndefu. Mmoja wa sange wa milima hii, mwenye uso wa kijivu, alinaswa na kamera za kutegwa mwaka 2005 na kutangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2008. Fikiria: mnyama mwenye uzito wa karibu gramu 700, anayetembea mchana kweupe, na wataalamu hawakuwa wamemjua hadi juzi. Anayepita mbio akihesabu kilomita hawezi kumwona sange. Nenda taratibu, simama mara nyingi, na usione haya kuwa wa mwisho kwenye kundi.

Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa. Usimrushie nyani ndizi hata akikutazama kwa huruma, maana akizoea atamnyang'anya mtoto wa mtu kesho. Ganda, chupa na karatasi vyote virudi nawe.

Ukifika Sanje, maji yanaanguka jumla ya mita 170 hivi, kwa hatua kadhaa. Oga ukiruhusiwa, piga picha, kisha geuka utazame bonde la Kilombero, miwa na mpunga vikiwa chini yako. Mashamba yale yananyweshwa na mito inayotoka milimani humu. Anayekata mti kwenye mteremko huu anamkatia maji mkulima wa kule chini, nami nakuomba umwambie hivyo kila atakayekuuliza uliona nini huko, hata kabla hujamwonyesha picha za nyani.