Kuzamia kwa Bei ya Mwananchi

Mtu wa Ruiru anayetaka kuzamia baharini kwa bei nafuu na ajue mapema kwamba nafuu hiyo ina mwezi wake. Tangazo lililonifikia kwenye simu lilitaja Diani, Juni, nusu ya bei. Kusi halikuitaja. Pepo hizo huvuma pwani yetu kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari ikatibuka, na wazamiaji wengi wa huko huanika vifaa vyao wakingoja kaskazi. Basi unalipa nusu bei, unaona nusu ya samaki. Hapo hujaibiwa.

Mwenzangu alikuwa rafiki yangu wa Makongeni, Thika, ambaye hujigamba kwamba Mto Chania ndio uliomlea. Nilimkumbusha kuwa Chania haina chumvi wala mawimbi, lakini ubishi huo haukuisha hadi Syokimau. Treni hadi Miritini ni shilingi 1,500 daraja la kawaida, feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, na ndani ya matatu ya Ukunda unapakata begi lako na mtoto wa mwenzio. Kufikia hapo bajeti ilikuwa bado inapumua.

Kabla hujagusa maji unapewa fomu ya afya. Una pumu? Masikio je? Presha? Ukijibu ndiyo popote, sharti daktari atie sahihi. Rafiki yangu alijibu hapana kwa yote, pamoja na swali la ujauzito, na nadhani hilo ndilo pekee alilokuwa na uhakika nalo.

Suti ya mpira ya kukodi huja ikiwa imelowa, na hakuna anayeuliza imelowa nini. Yangu ilinibana hadi sauti ikapanda. "Ikikubana nchi kavu, ndiyo saizi yako," akasema mwalimu, kijana wa Kidigo asiye na haraka na dunia. Kisha akatema mate ndani ya miwani yangu, akayasugua kwa kidole gumba, akanivisha. Si dharau, mate huzuia kioo kisifanye ukungu. Ila nashuku waliolipa bei kamili huruhusiwa kutumia mate yao wenyewe.

Nje ya mwamba boti ikaanza kuruka. Mwana wa Chania akanyamaza, akashika tumbo, na mahamri na mbaazi za asubuhi zikarudi kama zilivyokwenda. "Upepo, kaka! Upande ule mwingine!" nahodha akapaza sauti, lakini alichelewa. Suti yangu ikalowa tena, na mara hii nilijua imelowa nini.

Chini kunapendeza, lazima niseme. Mtungi wa mgongoni, ambao sisi wa bara tulikuwa tukiuita oksijeni, una hewa ya kawaida tu iliyoshindiliwa. Ni ile ile ya Ruiru, utoe vumbi. Ukifika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu, kwa hiyo unashuka ukibana pua na kupuliza masikio yazibuke, na kuzuia pumzi ni mwiko. Maji yalikuwa na rangi ya kijani kilichochoka. Akapita pono, macho kodo, yeye ambaye tunamsingizia usingizi miaka yote. Halafu akatokea kasa, polepole, ana kovu kwenye gamba.

Rafiki yangu kwa furaha akainua kidole gumba. Majini ishara hiyo ina maana moja: nataka kupanda. Mwalimu akamshika mkono akaanza kumpandisha, na kwa kuwa wageni wa bahari hawaachwi peke yao, sote tukapanda naye. Kasa akabaki akitafuna majani yake.

Tulipokuwa tunavua suti, mwalimu akatuonya tusipande ndege upesi. Ukipumua hewa iliyoshindiliwa, naitrojeni huyeyuka mwilini na huhitaji muda wa kutoka: angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, saa 18 ukirudia. Rafiki yangu akacheka. "Ndege? Sisi ni watu wa treni ya alasiri."

"Kwani kwenu ni wapi?"

Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Thika haiko chini yake. Damu haiulizi umepanda kwa bawa au kwa reli. Tiketi zikaenda na maji, tukalipia usiku mwingine katika chumba chenye feni iliyopiga kelele kuliko kusi yenyewe, na ile nusu ya bei tuliyookoa ikaishia hapo.

Kwa hiyo wewe wa Thika unayeweka akiba, nenda kati ya Novemba na Machi, lipa bei kamili, na tiketi ya kurudi ikate ya siku inayofuata. Kama haja yako ni kutapika tu, kaa kiti cha nyuma cha matatu ya Thika Road.