Jinsi ya Kuwa Mwanahistoria kwa Nusu Saa

Wageni wametoka bara, shemeji yumo, na jana mezani ulijigamba kwamba Mombasa unaijua nje ndani. Leo wanataka kuiona Mahakama ya Kale, jirani na Fort Jesus, ambayo siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Hujawahi kukanyaga humo. Usihangaike, ndugu yangu. Fuata hatua hizi.

1. Watangulie. Waagizie madafu nje, kisha wewe chomoka ukasome chochote kilichoandikwa ukutani. Dafu moja linatosha kusoma kuta mbili.

2. Kariri miaka mitatu, basi. 1895, Waingereza waligeuza ngome kuwa jela. 1902, mahakama ikajengwa. 1958, jela ikafungwa. Itaje polepole huku ukitazama dari, kama mtu anayemkumbuka babu yake. Ila 1593 usiiguse ukiwa humu ndani. Huo ni mwaka Wareno walipoanza kujenga ngome, na shemeji huenda anaujua.

3. Kuwa na kisa kimoja cha kweli. Simama mlangoni, nyoosha kidole kuelekea ngomeni, sema: "Hapa ulihukumiwa, pale ulifungwa." Waache wapime wenyewe kwa macho: ni hatua za kuhesabu, hata jasho halijakauka. Kisha nyamaza. Kimya hicho ndicho shahada yako.

4. Swali gumu, ahirisha kesi. Shemeji akiuliza hakimu wa kwanza alikuwa nani, usibahatishe. Tazama saa, mshike bega, mwambie, "Hilo, shemeji, ni la kwenye kahawa." Kahawa tungu na kashata zimeshazika maswali makubwa kuliko hilo.

5. Ukisahihishwa, panda cheo. Mhudumu akikukosoa mbele ya watu, tabasamu, mpe mkono: "Vizuri sana. Nilikuwa nakupima."

6. Dhamiri isikusute. Humu watu walishika msahafu, wengine Biblia, wakaapa kusema kweli tupu, kisha wakamwaga walichopanga usiku wa jana. Wewe hata kiapo hujala. Kuta hizi zimesikia makubwa.

Tena una nafuu. Wao uongo ukibainika, jela ilikuwa pale pale jirani. Wewe utalipia madafu tu.