Pipa la Mjomba

Siku tatu zimekwisha tangu nirudi kutoka Magadi, na shati nililolivaa siku ile limefuliwa mara mbili na kuanikwa mara mbili, na bado nyuki wa Kitengela nzima wanalitambua. Wanaizunguka kamba ya nguo uani kwangu kama jamaa waliokuja kuhani, nami nikiwaona hufunga pazia, kwa kuwa hakuna katika viumbe vya Mwenyezi Mungu ajuaye kwa yakini kuliko wao ni asali kiasi gani niliyoimwaga mbele ya wazee wa watu.

Nalikwenda kule kwa shughuli ya heshima. Mpwa wangu anaposa, na mjomba ndiye kinywa cha mpwa. Na wazee wa upande wa binti, ambao ni Wamaasai wa kushika ada, walikwisha kutuarifu kwamba maneno hayafunguliwi kwa soda wala kwa bia ya dukani, bali kwa pombe ya asali, iliyochachushwa ama kwa mizizi ya mshubiri ama kwa tunda la mwegea, lile lining'inialo mtini kama mchi uliosahauliwa, ambalo Wakikuyu waliipa pombe yao jina lake, muratina. Mtu mwenye akili timamu angalikwenda kwa bibi mmoja jirani yetu, tumwitaye Shosho, akamlipa haki yake, akapokea kibuyu kilichojaa, akashika njia. Mimi nalikuwa na pipa.

Pipa lenyewe lataka maelezo, na msomaji aniwie radhi nikirefusha, maana hata baada ya izara iliyonipata bado nalistaajabia. Kegi ya chuma twaijua sote, tangu ilipoingia ile bia ya Senator mwaka 2004, ambayo watu waliibatiza Obama na kuinywa kwa vikombe kutoka katika pipa la lita 50. Pipa hilo likiisha hurudi kiwandani, likaoshwa, likajazwa, likaenda tena, mwaka baada ya mwaka. Lakini bia itokayo ng'ambo ina mashaka mengine: ni nani atakayelipa nauli ya meli kurudisha chuma kitupu? Basi wenye hekima wakabuni pipa la plastiki, ya jinsi ile ile ya chupa ya soda, jepesi hata mtoto hulibeba, linalosafiri safari moja tu na kutupwa. Shingoni mwake mna vali yenye springi, na kutoka katika vali hiyo hushuka mrija mwembamba hadi chini kabisa. Hewa husukumwa ndani kwa juu, ikaikandamiza bia kichwani. Na bia, ikikosa pa kukimbilia, huteremka hadi kwenye mdomo wa mrija, ikapanda humo hadi kwenye koki na kikombeni. Yaani bia hupanda kwa kuonewa! Siku nilipoyafahamu haya nilikaa kitako nikalitazama pipa saa nzima, na mama watoto akadhani nimepata habari ya msiba.

Lilikuwa la lita 30, nalo nililipata bure kwa kijana mmoja wa baa jijini Nairobi. Ubavuni limeandikwa kwa lugha kadhaa kwamba lisitumiwe tena. Maandishi hayo niliyasoma, nikayacheka, maana twaishi katika nchi ambamo bati la mafuta ya kupikia halifi, hustaafu tu, likawa gorogoro ya kupimia maharagwe sokoni. Sembuse chombo kilichovuka bahari mbili bila kupata mkwaruzo. Nikaing'oa vali kwa bisibisi na kwa uchungu. Harufu ya bia ya kizungu iliyochacha humo nikaiondoa kwa magadi, niliyoyakoroga kwa maji ya moto na kuyaacha usiku kucha, nikasuuza mara moja, au tuseme mara moja na nusu, kwa kuwa wiki ile mifereji ya mtaa wetu ilikuwa imekauka na maji tulikuwa twayanunua kwa mtungi. Kisha nikairudisha vali mahali pake, nikaikaza kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Tafadhali ukumbuke ukanda huo.

Shosho aliniazima tunda lake la mwegea. Tunda hilo hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha hulazwa ndani ya maji ya asali, na hamira hujificha katika nyuzinyuzi zake. Pombe ikiisha, tunda huanikwa na kuwekwa mpaka shughuli nyingine, na kila shughuli hulizidishia ustadi. La Shosho lilikwisha kuzichachusha pombe za harusi za binti zake watatu. Alinikabidhi kwa mikono miwili, akanionya neno moja tu: "Pombe hupumua, mwanangu. Usiifunge mdomo."

Nami nikaifunga mdomo. Si kwa ukaidi, kwa elimu! Kwa kuwa sikuwa na mtungi wa hewa ya kuisukuma bia katika mrija, nikafanya tadbiri kwamba pombe ijisukume yenyewe. Hamira hula sukari ikatoa vitu viwili, kileo tukitafutacho, na hewa ya ukaa, ambayo wazee tangu zamani huiachilia iende zake kwa mdomo wa kibuyu uliozibwa kwa majani tu. Nikasema, israfu iliyoje hiyo! Watengenezaji wa pombe za nyumbani wakitaka povu huongeza sukari ya gramu tano hivi kwa kila lita, kisha hufunga. Kwa pombe yangu ya lita 25 ingetosha asali ya vijiko vichache. Lakini kwa kuwa ni posa, na kwa kuwa sikupenda upande wetu uonekane wachoyo, nilitia kilo nzima. Kilo moja ya asali ikiliwa yote na hamira huzaa zaidi ya lita 200 za hewa. Hesabu hii niliijua. Niliifanya kwa penseli, nikaona inapendeza.

Tukashuka na gari la kukodi kwa njia ya Isinya na Kiserian, mpaka Corner Baridi, ambako mtu huliona Bonde la Ufa limetandikwa chini kama mkeka na upepo ukamvua kofia; kisha barabara huteremka, na joto hupanda. Tulipopita Olorgesailie, ambako watu wa kale waliacha mashoka yao ya mawe yametapakaa baada ya kuyatumia, pipa lilianza kulia kwa sauti nyembamba. Magadi iko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na adhuhuri joto lake hukaribia nyuzi 40. Sasa, maji baridi huimeza hewa ya ukaa, na maji moto huitapika: yakifika nyuzi 40 huweza kubeba theluthi tu ya ile yaliyoweza kubeba yakikaribia kuganda. Hesabu hii sikuifanya.

Wazee walikuwa wameketi chini ya turubai, shuka zao nyekundu zimekunjwa vizuri mabegani. Nikaliweka pipa mbele yao. Tako lake lililokuwa bapa lilikuwa sasa la mviringo, hata likahitaji mawe matatu kulisimamisha.

"Huo ni mtungi wa gesi?" akauliza mzee wa katikati.

"La, mzee wangu, ni pombe ya asali."

"Mbona imevimba?"

"Ni nguvu yake, mzee."

"Nguvu ya pombe," akasema taratibu, "huonekana kwa mnywaji."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikawasomea darsa la robo saa juu ya vali, springi na mrija, na bia ipandayo kwa kuonewa, huku mpwa wangu akinivuta shati kwa nyuma, kisha nikainamia koki. Kumbe ukanda wa tyubu ulikuwa ukiningojea mimi. Vali iliruka na mrija wake, ikapita kando ya sikio langu, ikalitoboa turubai na kutokea upande wa pili. Na nyuma yake ikaja nguzo ya povu, nene kama paja, ikagonga turubai, ikatawanyika, ikarudi. Magadi, ambako mvua ni mgeni anayesubiriwa kwa dua, palinyesha. Palinyesha juu ya shuka nyekundu, juu ya ndevu, juu ya sahani za nyama, juu ya mama wa binti, ambaye kwa adabu sikupaswa hata kumtazama sana. Mbuzi walikuja wakaanza kuramba miguu ya viti. Hakuna aliyesema neno.

"Mjomba," akasema mpwa wangu kwa sauti ya chini sana, "kaa chini."

Ndani ya pipa kilikuwa kimesalia kiasi cha kikombe kimoja. Mzee wa katikati, kwa muruwa nisioweza kuusahau, akajipangusa uso, akaagiza amiminiwe, akaonja. Akafumba macho. Mtu wa Magadi, aliyezaliwa kando ya ziwa ambalo magadi yamekuwa yakichimbwa na kusafirishwa kwa reli zaidi ya miaka 100, hahitaji kuonja mara mbili.

"Sawa," akasema. "Na maharagwe yako wapi?"

Baadaye nikasoma kwamba mwezi wa Aprili 2012, katika kiwanda cha bia huko Portsmouth, New Hampshire, Marekani, kijana mfanyakazi aliuawa na pipa la plastiki lililompasukia akilisafisha. Na tangu nisome hivyo sauti ya kicheko changu mwenyewe, nilipoyacheka yale maandishi ya ubavuni, hainiondoki. Lakini hasira yangu pia hainiondoki. Tangu Agosti 28, 2017, muuza mboga wa Kitengela akishikwa na mfuko mwembamba wa plastiki yumo hatarini kupigwa faini ya hadi shilingi milioni nne au kufungwa hadi miaka minne. Na pipa hili, lenye plastiki ya kutosha mamia ya mifuko, huingia bandarini kwa salamu, hunywewa jioni moja na watu wenye nafasi, kisha ni letu milele. Nilimpelekea mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki, akalikataa: lina plastiki, lina mpira, lina springi ya chuma, na yeye hana siku nzima ya kuvitenganisha. Nikamuuliza basi nilitupe wapi. Akaninyooshea kidole upande wa mto.

Wazee walinitoza blanketi mbili na pombe nyingine, kibuyuni. Njiani kurudi askari wa kizuizi cha barabarani alinusa ndani ya gari, akamtaka dereva apulize kifaa, naye hakuwa amegusa tone. Mama watoto amelikata pipa kiunoni akapanda vitunguu.

Jana nilimrudishia Shosho tunda lake, na kumwomba anipikie yeye. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua hadi puani, akalinusa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nililiosha na nini. Nilikuwa nimeliosha kwa magadi, kwa adabu, nisirudishe kitu cha watu kikiwa kichafu. Bado sijamjibu.