Ploti Hii Haiuzwi

Ukingo wa laga ya Kawalase, Lodwar, saa tano asubuhi. Mchanga umeshaanza kuunguza kwato. PUNDA amesimama na mitungi minne ya maji mgongoni, akimngoja bosi wake anayebishana bei na mama wa hoteli. MBUZI amefungwa kwenye nguzo ya KIBAO kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI.

PUNDA: Vumbi lote hilo, mwanangu, umetoka wapi?

MBUZI: Kakuma, mzee. Tumeletwa na lori. Kule tajiri wangu alikatiwa risiti, na hapa sokoni akakatiwa nyingine. Ameniningʼinizia zote mbili shingoni, hizi hapa.

PUNDA: Ile ya kwanza ya nini?

MBUZI: Ya kutoka.

PUNDA: Na hii?

MBUZI: Ya kuingia.

PUNDA: Basi mngebaki katikati ya njia, mngekuwa huru.

KIBAO: Acheni kulalamika. Bila ushuru hakuna maendeleo.

PUNDA: Bwana Kibao amesema. Muulize, mwanangu, mwaka jana aliandikwaje.

KIBAO: INAUZWA.

PUNDA: Na kabla ya hapo?

KIBAO: (kwa sauti ya chini) ARDHI YA UMMA. Lakini mimi husema ninachopakwa.

PUNDA: Chukua fomu, ugombee.

MBUZI: Naona vigingi hapo chini. Patajengwa nini?

KIBAO: Ghorofa mbili. Chini hadiwea, juu vyumba vya wageni.

PUNDA: Ndani ya laga!

KIBAO: Pakavu.

PUNDA: Pakavu leo. Laga ni mto uliosafiri, nyumba yake haujaiuza. Kiangazi akina mama huchimba mashimo papo hapo ulipo, wakateka maji kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja, mpaka mtungi ujae. Maji yako chini ya miguu yako, bwana. Mvua ikipiga huko juu, hapa jua linawaka na watoto wanacheza mpira. Unasikia kwanza mngurumo kama wa lori bovu, ndipo unaona ulimi wa povu ukija na magogo, ndala za plastiki, na mbuzi, samahani mwanangu.

MBUZI: Hakuna ubaya.

KIBAO: Mwenye ploti ana karatasi.

PUNDA: Ngapi?

KIBAO: Mbili.

PUNDA: Zina majina ya watu wangapi?

KIBAO: Watatu.

PUNDA: Sheria ya Ardhi ya Jamii ni ya 2016. Ilitaka jamii ziandikishe ardhi zao kwanza. Kuandikisha kunakwenda kwa mwendo wa kobe, kugawa ploti kunakwenda kwa boda boda.

MBUZI: Lakini mzee, si tuna mafuta? Yakitoka, hata ushuru wetu utapungua.

PUNDA: Usinitie uchungu. Machi 2012 walipopata mafuta kule Lokichar, kisima wakakiita Ngamia. Nikasema sawa, ngamia ni mkubwa wetu. Wakaja na Twiga. Twiga! Wakaja na Ekales, yaani mbuni, ndege asiyeruka wala kubeba mzigo. Wakachimba na Etuko. Unajua etuko ni nini?

MBUZI: Punda milia.

PUNDA: Punda milia! Hajawahi kubeba hata kikombe cha maji, apewe kisima kwa ajili ya mistari! Mimi ninayewanywesha Lodwar nzima sina hata bomba lililopewa jina langu.

MBUZI: Na mbuzi?

PUNDA: Mbuzi ana supu. Basi, 2018 malori yakaanza kupeleka mafuta Mombasa, 2019 meli ikaondoka, na mwaka huo huo sheria ikaandikwa: asilimia 20 ya kaunti, 5 ya jamii. Mwaka uliofuata malori yakasimama. Asilimia 5 ya lori lililosimama ni ngapi?

KIBAO: Subira huvuta heri.

PUNDA: Nani alikupaka hiyo? Kaunti hii hupata kutoka Nairobi zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka. Zinazokusanywa hapa kwa vibanda, maduka na mikia ya mbuzi hazifiki bilioni moja. Lakini anayekimbizwa kila asubuhi ni nani? Mama mwenye nyanya tisa juu ya gunia. Aliyemwaga kifusi cha mawe ndani ya mto hajaulizwa kitu.

MBUZI: Kakuma ni hivyo hivyo. Kambi ipo tangu 1992. Ripoti ya mwaka 2018 ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilihesabu biashara zaidi ya 2,000. Msomali, Mkongo, Mwethiopia, kila mmoja anadaiwa leseni ya duka. Na kura hawana.

PUNDA: Wana bahati. Hawadanganywi kila miaka mitano.

MBUZI: Angalau usalama upo?

PUNDA: Uliza ile taa ya mulika mwizi ya sokoni. Imezimika, sasa mwizi ndiye anayeimulika, kwa tochi ya simu ya mtu. Na huko Kainuk wafugaji wanapokonywa mifugo kwa bunduki. Februari 2023 jeshi likatumwa kaunti sita, hii ikiwamo.

MBUZI: Kwa hiyo tofauti ya jangili na mtoza ushuru ni nini?

PUNDA: Risiti, mwanangu. Hiyo uliyo nayo shingoni. Itunze.

KIBAO: Mnatukana serikali.

PUNDA: Serikali? Mimi nawatukana wenye kura! Mwaka 2022 walipewa fulana, leo fulana hizo zinafuta pikipiki. Mwaka 2027 watapewa nyingine, nao watainua mikono ziwaingie vizuri. Hamuulizi ushuru ulikwenda wapi, mnauliza mgombea ni wa ukoo gani. Mnanunua ploti mtoni kwa sababu ni rahisi, maji yakibeba godoro mnauliza serikali iko wapi. Serikali ndiyo iliyowapimia! Mlikuwa mmeshika upande wa pili wa futi kamba! Nami nikikosea njia hatua moja nachapwa fimbo tatu.

KIBAO: Punda, unapiga kelele.

PUNDA: Nimejifunza kwako.

(Anakuja ASKARI WA USHURU, kitabu mkononi, kalamu sikioni.)

ASKARI: Mbuzi wa nani huyu? Risiti iko wapi?

(Kimya. PUNDA anageuka taratibu kumtazama MBUZI.)

PUNDA: Mwanangu, unatafuna nini?

MBUZI: Sijala tangu Kakuma, mzee.