Sifa za Tangazo Lisilouza Kitu

Huko milimani, Bururi na Mwaro, watu hawafundishwi kusifu. Ng'ombe akipita mbele ya ua, mwenyewe humtungia sifa toka pembe hadi mkia, na wageni wakaitikia. Sisi wa mwambao wa ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi mpaka Nyanza-Lac, ng'ombe wetu ni wachache, na samaki hasifiwi, huliwa. Sifa zetu zimekaa bure. Nimeona nizitoe kwa kiumbe ambacho hakuna mtu Rumonge amewahi kukitamkia neno jema: lile tangazo linalojirusha kwenye kioo cha simu ukiwa ndiyo kwanza umeanza kusoma.

Simsemi mdogo wake, yule anayekaa kwa adabu chini ya ukurasa. Namsema mkubwa, anayefunika kila kitu, akahesabu sekunde tano kurudi nyuma, kisha akaweka pembeni alama ya x ya rangi ya kijivu juu ya kijivu. Alama ile imepimwa na watu wenye akili. Kidole laini cha ofisini huipata. Kidole cha mama wa bandarini, kilichotoka kugeuza ndagala kwenye kichanja, kina maji na magamba, na kioo hakikisikii. Cha mkamuaji wa mawese kinateleza. Wote wawili wakibonyeza kufunga, tangazo linafunguka zaidi, likawapeleka kwenye ukurasa mwingine wenye tangazo lake. Nani mwingine katika nchi hii anamfungulia mlango mtu wa kazi ya mikono kwa haraka namna hiyo?

Wenye hasira husema linakula mega. Ni kweli, na linakula vizuri. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilipima kwenye simu kurasa za mwanzo za tovuti 50 za habari, likakuta zaidi ya nusu ya data inakwenda kwa matangazo na vikorokoro vyake. Kwa mtu wa New York hizo ni namba za kusomea kahawa. Kwa mtu wa Rumonge aliyejiunga mega za siku moja ili ajue matokeo ya mpira, maana yake ni kwamba amelipia habari moja akapewa mbili, na ile ya pili hakuiomba. Sokoni ukipewa nyongeza unashukuru. Kwenye simu unatukana. Huo ni utovu wa nidhamu.

Lakini sifa yake kuu, ambayo sijaona mtaalamu wa biashara akiitaja, ni hii: huku kwetu halichumi chochote. Tangazo la viatu linataka kadi ya Visa, na hapa mtu analipa kwa pesa ya simu, Lumicash. Lile la friji linaahidi kuleta mzigo mpaka mlangoni, kisha linauliza jina la mtaa na namba ya nyumba. Sisi anwani yetu ni nyuma ya soko, ukifika uliza. Na lipo lile la gari. Miaka hii ambayo petroli imekuwa hadithi Burundi, mtu anaweza kukaa kwenye foleni ya kituo cha mafuta na galoni tupu miguuni, akatoa simu apoteze muda, na gari jeusi linalopanda kilima chenye theluji likamjia usoni, injini ya lita tatu, viti vya ngozi. Haliwezi kuuzwa kwake. Haliwezi kufika kwake. Likifika halitembei. Limekuja tu.

Wavuvi wetu hushusha taa juu ya maji usiku, ndagala wakaifuata, wavu ukainuliwa. Hapo kila mtu anaelewa nani anamtafuta nani. Tangazo la Rumonge ni taa isiyo na wavu: inawaka, tunaikusanyikia, hakuna anayetuvua, na mafuta yanayoungua humo wananunua ndagala wenyewe. Mwenye gari hapati mteja, mteja hapati gari, na mega zimeteketea. Nitajieni sadaka iliyo safi kuliko hiyo.

Ukoo wake nao si wa kubeza. Babu yake, tangazo la kwanza la mstatili juu ya ukurasa wa intaneti, lilitundikwa tarehe 27 Oktoba 1994 kwenye jarida la HotWired, likiwa la kampuni ya simu ya Marekani, AT&T. Yeye mwenyewe, huyu wa kujirusha, alizaliwa miaka michache baadaye katika kampuni iliyoitwa Tripod. Kampuni moja ya magari (magari tena!) ilikasirika kuona tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wa mambo ya chumbani. Mtumishi mmoja, Ethan Zuckerman, akaandika mistari ya programu ili tangazo lifunguke kwenye dirisha lake peke yake, lisichafuliwe na jirani. Kwa hiyo alizaliwa kwa sababu ya heshima. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala ya kuomba radhi kwa dunia nzima. Hakuna haja, bwana. Stanley na Livingstone walifika Mugere, hapo njiani kwenda Bujumbura, mwaka 1871 bila kualikwa, na jiwe lenye majina yao linatunzwa mpaka leo.

Wapo, bila shaka, maadui. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, aliandika kizuia matangazo kilichoitwa Adblock. Baadaye akaja Raymond Hill na uBlock Origin, ambacho unaweza kukitia hata kwenye kivinjari cha Firefox cha simu, na mtu huyu ana tabia moja ya kutisha: hataki michango. Ameandika wazi kwamba hahitaji pesa ya mtu. Tangazo angalau tunajua linataka nini. Mtu anayekufanyia kazi bure kwa miaka na kukataa soda, mwambao huu tungemwitia wazee wamhoji. Google nao wameshaanza kumtia adabu: kanuni mpya za kivinjari chao cha Chrome zimekiondoa kile kizuizi chake kikali, kikabaki kidogo chenye meno machache. Inasemekana ni kwa usalama wetu. Nani abishe?

Wengine hawatii chochote, wanaingia tu kwenye mipangilio ya simu. Android tangu toleo la 9 inayo sehemu ya DNS ya faragha. Ukiandika humo jina la seva inayokataa kutafuta anwani za matangazo, matangazo mengi yanapotea njia. Wazee wa mega chache walikimbilia zamani Opera Mini, ambayo hupeleka ukurasa kwanza kwenye seva zake, ikaukamua, kisha ikakuletea uliokonda. Chrome nayo ilikuwa na namna yake ya kubana data. Iliondolewa mwaka 2022, kwa maelezo kwamba siku hizi data imekuwa rahisi. Hawakusema rahisi wapi.

Na kulikuwa na kitufe kingine, kizuri kuliko vyote, cha kuziambia tovuti zisikufuatilie. Ulikiwasha, kivinjari kikapeleka ombi lako kwa kila tovuti, tovuti zikalipokea na kuendelea kukufuatilia, kwa sababu hakuna sheria iliyozibana. Firefox walikiondoa mwanzoni mwa 2025. Kwa zaidi ya miaka kumi kilifundisha watu maana ya kupeleka barua ofisini.

Lakini waasi hatari zaidi ni wale vijana wa sekretariati karibu na soko, pale wanapochapa barua za maombi na kupiga fotokopi. Nimemwona mmoja akifanya mauaji mchana kweupe. Ukurasa wa mpira umefunguka kwenye kompyuta, mechi inaanza, na katikati limesimama tangazo la kamari linalotangaza kwamba sisi ni mgeni wa milioni moja. Kijana hakuitafuta x. Alibonyeza F12. Upande wa kulia zikafunguka zana za wasanidi, zile zilizotengenezewa wenye tovuti watafute makosa yao, na utumbo wote wa ukurasa ukawa nje: mistari, mabano, rangi. Akachukua mshale, akaligusa tangazo, mstari wake ukang'aa kwenye utumbo. Akabonyeza kufuta. Likafa.

Ila tazama ujasiri wa marehemu. Ukurasa ulikuwa wazi, lakini haukusogea, si juu si chini. Tangazo kabla ya kufa lilikuwa limeacha wosia kwenye mwili wa ukurasa, mstari mmoja unaoamuru usiteleze mpaka bwana wake afungwe kwa njia halali. Kijana ilibidi ashuke, autafute mstari huo, auondolee tiki. Ndipo akanionyesha kitu kilichonifanya nivue kofia. Kila kipande cha ukurasa kinaweza kupewa namba ya kimo, kinachozidi namba ndicho kinachokaa juu ya wenzake. Habari ya mpira ilikuwa na 1. Menyu ilikuwa na 10. Tangazo lilikuwa limejipa 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambazo kivinjari kinakubali. Ziwa letu, la pili duniani kwa kina, linaishia mita 1,470.

Akafungua pia sehemu ya mtandao, inayoorodhesha kila kitu ambacho ukurasa umekwenda kukiomba. Niliona picha ya golikipa ikiombwa mara moja. Majina mengine yalikuwa ya kampuni zisizojua mpira, zikiulizana kimyakimya huyu ni nani, yuko wapi, simu yake au kompyuta yake ni ya aina gani, na zikituandikia vidakuzi vya kututambua tukirudi. Vidakuzi hivyo alivibuni Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994 ili duka la intaneti lisisahau ulichoweka kapuni. Leo havisahau chochote. Watu wa huku, ambao ofisi inaweza kupoteza faili lao mara tatu, wakumbuke kwamba kuna seva mahali fulani inayojua kuwa mwezi uliopita walitafuta bei ya injini ya boti.

Na linaomba ruhusa! Tangu sheria ya data ya Ulaya ianze kazi Mei 2018, tovuti nyingi hutufunikia kioo kuuliza kama tunakubali. Kitufe cha kukubali ni kikubwa na cha kijani. Cha kukataa kimefichwa ndani ya mipangilio, ndani ya orodha ya washirika, ndani ya maelezo ya maslahi halali. Lakini swali limeulizwa. Nawaomba wenzangu wa mwambao wafikirie kwa utulivu ni mangapi mengine maishani waliwahi kuulizwa kabla.

Tena ni kiumbe kisicho na chama. Mwishoni mwa Aprili 2015, wakati wa maandamano, WhatsApp na Facebook zilifungwa kwenye simu Burundi. Siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ikafungwa tena. Watu wakajifunza kukwepa kizuizi kwa VPN za bure, na VPN za bure hula kwa matangazo. Basi aliyetaka kumuuliza dada yake Bujumbura kama wamelala salama alitazama kwanza mchezo wa kupanga peremende, sekunde thelathini, ndipo akaruhusiwa kuwa na hofu. Tangazo lenyewe sijasikia kama kuna aliyewahi kuamuru lifungwe.

Lina kasoro moja, nayo niiseme ili nisidhaniwe nimelipwa. Halina saa. Katika programu za bure za ratiba ya swala huingia na rangi za mdomo na mikeka ya kubeti, na shehe mmoja wa hapa mjini, mtu mpole, amejikuta akimwonyesha mjukuu wake wakati wa magharibi pamoja na uwezekano wa ushindi wa Chelsea.

Waliotuletea lile gari jeusi, tunawajibu. Tumekubali. Tumelitazama vya kutosha, mpaka rangi ya mishono ya viti tunaijua. Njooni nalo kwa barabara ya taifa namba 3, mpite Mugere, mpite Magara, mkifika Rumonge ulizeni bandarini, mtaonyeshwa. Kadi ya Visa hatuna, tutaelewana. Ila mje na tangi limejaa, na galoni za pembeni za kuwarudisha Bujumbura, maana hapa hamtapata.