Bibi Yuko kwenye Laini

Msomaji mwenzangu mwenye mke, watoto watatu na mama mkwe anayekuja bila kutoa taarifa, vuta kigoda tukae. Wewe utanielewa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa bandani naziba tundu wanalotorokea kuku. Doto akaja mbio, simu yangu mkononi. "Baba, bibi yuko kwenye laini!" Nikafuta mikono, nikaiweka simu sikioni. "Shikamoo mama." Kimya. "Mama, shikamoo!" Kimya kabisa. Nikajua ni mtandao, nikamrudishia simu, nikarudi kwa kuku wangu.

Kumbe Doto alifikisha ujumbe neno kwa neno. Mama mkwe alikuwa ameshuka kwenye treni kutoka Urambo, simu yake imepotea humo njiani, akaazima ya abiria mwenzake, akasema, "Mwambie baba yako niko kwenye laini," akakata. Na kweli alikuwa kwenye laini. Alikuwa kando ya reli, amekalia gunia la karanga, dumu la asali miguuni, majogoo wawili wamefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nilimkuta baada ya saa nzima na nusu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umefika, Baba Kulwa," na mimi nikabeba gunia.

Wajukuu wanamwita Stesheni Masta, na anaitikia. Marehemu mume wake alifanya kazi ya kukarabati njia ya reli, kwa hiyo nyumbani kwao laini ni reli, basi. Humwambii kitu kingine. Na kwa hapa Tabora ana haki yake. Wajerumani waliifikisha reli mjini hapa mwaka 1912, Kigoma ikafikiwa mwaka 1914. Baadaye Waingereza wakatoa tawi la kwenda Mwanza, likakamilika mwaka 1928. Mji mzima ulikua ukisikiliza laini ipi inaingiza treni.

Jioni hiyo Kulwa, tunayemwita Kamusi kwa sababu halali bila kufungua moja, akalichambua neno lenyewe. Kwa Kiingereza, alisema, "line" ni mstari wa daftari, foleni ya watu, mshipi wa kuvulia samaki, ukoo, maneno ya mwigizaji, hata makunyanzi ya usoni (hapo akamtazama bibi, mama yake akamkanyaga mguu). Asili yake ni Kilatini, uzi wa kitani. Hilo lilinigusa. Fundi mwashi akitaka ukuta unyooke bado anavuta uzi, anaufunga msumarini, anaupiga kidole ulie. Nami nikawaza kwamba kabla ya reli njia ya hapa ilikuwa hivyo hivyo, nyembamba kama uzi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita mmoja nyuma ya mwingine, pembe za ndovu mabegani wakishuka pwani, majora ya merikani wakirudi. Waliochora laini ya kwanza hapa ni wao, kwa nyayo, na kila nikipita chini ya miembe mikongwe nawakumbuka.

Taabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na laini yake tayari, ya Kiarabu, ile ya kitu kisichokwaruza. Mbili hizi zimekutana nyumbani kwangu na hazipatani.

Jumapili nikiwa sokoni ujumbe wa Mama Kulwa ukaingia: "Mama hana laini. Mletee." Nikafikiri kwa upendo, naapa. Mama ameng'olewa jino juzi, na sisi tunakula dona, lazima linamsumbua. Nikanunua kilo tano za sembe, laini kama poda, nikaingia nyumbani nimefurahi. Mama Kulwa akautazama mfuko, akanitazama mimi, akautazama tena mfuko. "Baba Kulwa, mama ataupigia simu unga?"

Mama mkwe akanitetea. Aliusifu ugali ule, akaongeza matonge mawili. Lakini laini ya simu bado ilitakiwa.

Jumatatu nikampeleka kwa wakala. Siku hizi laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole. Kijana akamwomba aweke kidole kwenye kimashine. Taa nyekundu. Kidole kingine, nyekundu. Akapangusa kioo kwa shati lake, akampangusa bibi vidole kwa kitambaa, akajaribu mkono wa pili, kidole gumba kwanza. Nyekundu. Aliuinua ule mkono kwenye mwanga, nami nikauona kwa karibu kwa mara ya kwanza: viganja vigumu kama gome la mninga, lakini ncha za vidole zimesagika, mistari yote imefutika, zinang'aa.

"Samahani bibi," kijana akasema kwa adabu. "Vidole vyako ni laini mno. Haviwezi kusajili laini."

Mama mkwe akauvuta mkono wake taratibu. Akaugeuza, akautazama kiganjani, akautazama mgongoni.

"Mjukuu wangu," akasema, "mikono hii imelima tumbaku Urambo miaka arobaini. Wewe unaiita laini?"