Mwimbaji Pumzika, Gitaa Lina Neno: Vibao 10 vya Uingereza Visivyo na Mwimbaji

Kuna watu wakisikia wimbo wa ala tupu huuliza, "Mwimbaji ataingia lini?" Ndugu yangu, ameshaingia. Ni lile gitaa.

Kati ya mwaka 1959 na 1963, vijana wa Uingereza, wengi wao hata miaka ishirini hawajatimiza, walilichukua gitaa la solo wakalipa kazi ya mwimbaji. Halikuja kujaza nafasi baina ya beti. Lilibeba wimbo mzima, kuanzia salamu hadi kwaheri. Solo linaimba, rithimu linasukuma, besi linajibu, dramu inashika njia. Mpenzi yeyote wa muziki wa dansi atajisikia yuko nyumbani.

Utamu wa muziki huu una siri moja, nami nitaitetea mpaka namba moja: vijana hawa waliiheshimu tuni. Walipiga noti chache, wakaisafisha kila noti, wakaiachia nafasi ya kupumua. Matokeo yake, kila kibao hapa unaweza kukipiga mluzi ukiwa njiani kwenda dukani. Haya, tuhesabu kushuka.

10. "Guitar Boogie Shuffle", Bert Weedon (1959)

Tuanze na mwalimu, maana asiyemkumbuka mwalimu wake hana adabu. Bert Weedon alizaliwa East Ham, London, mwaka 1920. Rock ilipofika Uingereza alikuwa na umri wa kuwa baba wa mashabiki wake, na bado akawachezesha. Kibao hiki chenye asili ya Marekani kilimfanya kuwa mpiga gitaa wa kwanza wa Uingereza kuingia kumi bora ya nchi yake kwa wimbo wa gitaa tupu.

Zawadi yake kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa kitabu. *Play in a Day* kilitoka mwaka 1957, kikauza zaidi ya nakala milioni moja, na jina lake linaahidi kwamba utapiga gitaa ndani ya siku moja. Eric Clapton alijifunza humo. Brian May naye alijifunza humo, yule aliyekuja kupiga solo nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Siku moja ya Mzee Bert imezaa miaka sitini ya muziki. Hiyo ndiyo faida!

9. "Saturday Nite at the Duckpond", The Cougars (1963)

Walichukua *Swan Lake* ya Tchaikovsky, wakaivua nguo za jumba la opera, wakaivalisha magitaa na kuipeleka kwenye bwawa la bata Jumamosi usiku. BBC ikanuna, ikaupiga wimbo marufuku. Mimi nasema Tchaikovsky angenunua nakala mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kumwazima jirani. Tuni nzuri haipotezi heshima kwa kubadilisha mavazi.

8. "The Cruel Sea", The Dakotas (1963)

The Dakotas wa Manchester walikuwa wakimsindikiza mwimbaji Billy J. Kramer. Siku hiyo Kramer alipumzika, mpiga gitaa Mike Maxfield akaleta tuni aliyoitunga mwenyewe, na George Martin, mtayarishaji wa The Beatles, akasimamia kazi studio. Bahari imo humo: wimbi linakuja, linavunjika, linarudi. Isikilize kwa sauti kubwa, ila waombe radhi majirani mapema.

7. Tuni ya James Bond, iliyopigwa na Vic Flick (1962)

Usiniambie huijui. Hata mtu ambaye hajawahi kuona filamu moja ya Bond anaijua, na akiisikia huanza kutembea kwa kujidai.

Utunzi wake uliandikwa kwa jina la Monty Norman, John Barry akaupanga kwa ajili ya filamu ya *Dr. No*, na gitaa likapigwa na Vic Flick, mpiga solo wa kundi la The John Barry Seven. Alitumia Clifford Essex Paragon, gitaa la mwaka 1939 lenye tumbo kubwa la mbao, lililotengenezwa kabla rock haijazaliwa. Alizipiga nyuzi nene kwa nguvu, bila pambo lolote. Bond wamebadilika, magari yamebadilika, maadui wamebadilika. Gitaa la Flick halijapewa likizo mpaka leo.

6. "Cry for a Shadow", The Beatles (1961)

Naam, The Beatles. Kabla ya mayowe na viwanja vya mpira walikuwa vijana wa Liverpool wanaotafuta riziki Hamburg, Ujerumani. Juni 1961 walikwenda kurekodi wakiwa wasindikizaji wa mwimbaji Tony Sheridan, na katika kazi hiyo wakapata nafasi ya kurekodi ala tupu yao wenyewe. Jina la wimbo linataja waziwazi ni nani waliowavutia: The Shadows, kundi lililotawala Uingereza wakati huo.

Utunzi huu una sahihi za George Harrison na John Lennon peke yao, na hakuna mwingine wa The Beatles wenye sahihi hizo mbili tu. Sikiliza jinsi Harrison anavyoziinamisha noti zake. Huyo ni mwanafunzi anayemwamkia mwalimu, na baadaye mwanafunzi alinunua shule.

5. "Telstar", The Tornados (1962)

Najua unachotaka kusema: "Lakini tuni inaanzwa na kinanda!" Kweli, ni klavioline, kinanda kidogo cha umeme. Subiri katikati. Gitaa la Alan Caddy linaipokea tuni, na hapo ndipo moyo wa wimbo unapofunguka. Nimekujibu, tuendelee.

Julai 10, 1962, setilaiti ya Telstar ilirushwa angani, na ikawezesha picha za televisheni kuvuka Atlantiki. Joe Meek, mtayarishaji aliyegeuza nyumba ya kupanga kuwa studio juu ya duka la bidhaa za ngozi, 304 Holloway Road, London, aliwaka moto. Meek hakujua kusoma noti wala kupiga ala. Aliitoa tuni kwa mdomo, wanamuziki wakaitafuta kwenye vyombo. Desemba mwaka huohuo "Telstar" ikashika namba moja Marekani, na The Tornados wakawa bendi ya kwanza ya Uingereza kufika hapo. Wenye mitindo ya nywele kutoka Liverpool walifika mwaka 1964 na kukuta mlango umeshafunguliwa.

Inauma kwamba Meek hakula matunda yake. Mtunzi mmoja wa Ufaransa alidai tuni ni yake, malipo yakazuiwa, na uamuzi ulipotoka kwa upande wa Meek mwaka 1967, yeye alikuwa ameshafariki. Ukiupiga wimbo huu, mtaje kwa jina.

4. "Diamonds", Jet Harris na Tony Meehan (1963)

Hapa kuna mambo ya kifamilia, sogea karibu. Jet Harris alikuwa mpiga besi wa The Shadows. Tony Meehan alikuwa mpiga dramu. Wote wawili waliondoka. Januari 1963 The Shadows wakapanda namba moja na "Dance On!". Wiki iliyofuata wakashushwa. Na nani? Na haohao Jet na Tony!

Harris anapiga tuni kwa gitaa lenye sauti nzito inayokaribia besi, na sauti yake ni ya mtu mzima anayeongea bila kupayuka. Rithimu ilipigwa na kijana wa studio aitwaye Jimmy Page. Walipozunguka kwenye maonyesho, besi ilishikwa na John Paul Jones. Naam, nusu ya Led Zeppelin ilipitia mikononi mwa wawili hawa. Chuo kikuu kingeona fahari.

3. "F.B.I.", The Shadows (1961)

Dunia inamsifu mpiga solo. Leo namsifu mpiga rithimu. Bruce Welch anasukuma "F.B.I." kama cherehani ya fundi mwenye oda ya sare za shule: hachoki, hakosei, haulizi saa. Ondoa mkono wake na kila kitu kinaanguka. Mpiga solo Hank Marvin anapata raha ya kuchelewesha noti juu kwa sababu chini kuna mtu asiyechelewa hata nukta.

Vijana wenyewe ndio waliotunga, lakini kwa sababu za mikataba santuri ilibeba jina la meneja wao, Peter Gormley. Jukwaani walivaa suti zinazofanana na kupiga hatua za pamoja, mguu huu mbele, ule nyuma, magitaa yakigeuka kwa wakati mmoja. Jaribu kufanya hivyo huku ukipiga bila kukosea, kisha njoo tuongee.

2. "Wonderful Land", The Shadows (1962)

Mtunzi ni Jerry Lordan, ambaye pia alitunga "Diamonds", na ambaye tutakutana naye tena punde. Mtayarishaji Norrie Paramor aliongeza fidla na pembe za okestra. Mtayarishaji mwingine angelifunika gitaa, lakini Paramor aliziweka pembe nyuma, zifungue uwanja, ili gitaa lionekane limesimama kwenye nchi pana yenye anga.

Umma uliitikia: wiki 8 namba moja. Katika chati rasmi ya Uingereza, The Beatles hawakuwahi kukaa juu wiki 8 kwa wimbo mmoja. Lirudie hilo taratibu ukiwa na shabiki wao, halafu msogezee kiti akae.

1. "Apache", The Shadows (1960)

Ulikuwa unategemea nini kingine?

Lordan aliitunga tuni baada ya kuvutiwa na filamu ya Marekani ya mwaka 1954 yenye jina hilohilo. Bert Weedon, mwalimu wetu wa namba kumi, aliirekodi kwanza, lakini santuri yake ilichelewa kutoka. Lordan alikuwa ziarani pamoja na The Shadows, akawapigia tuni kwa ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Wakaielewa palepale. Juni 1960 wakaingia studio za EMI, Abbey Road. Hank Marvin na Bruce Welch walikuwa na miaka 18. Tony Meehan alikuwa na 17.

Vyombo vyenyewe vina hadithi. Hadi mwaka 1959 vikwazo vya kuagiza bidhaa viliwanyima vijana wa Uingereza magitaa ya Marekani. Vilipolegea, Cliff Richard, mwimbaji waliyekuwa wakimsindikiza, aliagiza moja kwa ajili ya Hank. Walitaka gitaa la aina aliyotumia mpiga gitaa wa Marekani, James Burton, na walichojua ni kwamba lilikuwa Fender, basi wakadhani lazima liwe lile la bei kubwa kuliko yote. Likaja Stratocaster, lenye rangi nyekundu na vyuma vya dhahabu. Burton kumbe alikuwa akipiga Telecaster! Ashukuriwe aliyekosea, maana Stratocaster ina mkono wa chuma wa kutikisa nyuzi, na mkono huo ndio unaozifanya noti za Hank zitetemeke zinapofika mwisho. Mashine ya mwangwi ya Meazzi, kutoka Italia, ilimfikia kupitia mpiga gitaa Joe Brown. Hank hakuitumia kujificha. Aliipangia noti zake, akaacha nafasi ambamo mwangwi unaingia kama mpigaji wa tano.

Bruce anafungua kwa gitaa la mbao, Gibson aliloazimwa na Cliff. Cliff mwenyewe yumo ndani, akipiga ngoma ya Kichina. Paramor alitaka wimbo mwingine uwe upande wa kwanza wa santuri. Binti yake akasikiliza zote mbili akachagua "Apache". Binti apewe maua yake! Wimbo ukakaa wiki 5 namba moja, na uliyemng'oa kileleni ni Cliff Richard na "Please Don't Tease". Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ilipiga dramu.

Kisha tuni ikasafiri. Mdenmaki Jørgen Ingmann aliifikisha namba mbili Marekani mwaka 1961. The Incredible Bongo Band waliirekodi tena mwaka 1973, na DJ Kool Herc akaifanya kipenzi cha sherehe za Bronx, New York, mle hip-hop ilimokuwa ikizaliwa. Kutoka ukulele hadi hip-hop, na katikati hapakuhitajika mkalimani hata mmoja.

Kabla hujaanza ubishi

"Kon-Tiki", "Atlantis" na "Foot Tapper" zimebaki nje, na ukinigombeza nitakusikiliza. "Foot Tapper" ilishika namba moja Machi 1963, ikawa ya mwisho ya The Shadows kufika hapo. Makundi ya waimbaji yalikuwa yameshaanza kumiminika kutoka Liverpool. Enzi ilikuwa fupi, lakini wanafunzi wake ndio waliojenga muziki wa gitaa uliofuata: Harrison, May, Page, na wengi waliojifungia vyumbani wakimfuata Hank noti kwa noti.

Basi kama una gitaa, chukua "Apache" na uifanyie jambo moja kabla ya kugusa uzi: iimbe kwa mdomo, yote, mwanzo hadi mwisho. Ukiweza kuiimba, vidole vitajua pa kwenda. Usipoweza, hata upige noti mia kwa dakika, hujaanza bado.